Waliomwambia picha zake zina ukungu: Maisha ya Julia Margaret Cameron

Unaijua ile hali. Umepiga picha, umeipenda mpaka umeirudia mara kumi, halafu unampa simu mwenzako ambaye naye ni mtu wa kupiga picha. Anaitazama, anaivuta kwa vidole viwili ili aone karibu, halafu anakurudishia simu yako. Anasema fokasi imekosa. Basi, hapo ndipo maoni yake yamefika. Hakuuona uso wa nyanya yako, wala hakuona vile mwanga wa dirishani ulimwangukia shavuni. Aliona jicho moja tu ambalo halikukaa sawa.

Sasa hebu nikurudishe nyuma hadi jioni moja ya kiangazi mwaka 1864, katika kijiji cha Freshwater kwenye Isle of Wight, kisiwa kilicho kusini mwa Uingereza. Watu wawili wameketi nyumbani wakionyeshana picha walizopiga. Mmoja ni mwalimu wa hesabu kutoka Oxford, mwenye umri wa miaka 32, kwa jina Charles Dodgson. Pengine unamfahamu zaidi kwa jina lake la vitabuni, Lewis Carroll, yule ambaye mwaka uliofuata alitoa hadithi ya Alice. Hesabu ndizo zilizompa riziki. Picha alipiga kwa mapenzi tu, tangu mwaka 1856, na picha zake zilikuwa safi, kila kitu kimepangwa, kila uzi wa nguo unaonekana.

Wa pili ni mama wa miaka 49, mwenye watoto sita, anayeitwa Julia Margaret Cameron. Yeye alikuwa na kamera kwa miezi michache tu.

Unadhani walisifiana? Wapi! Dodgson alimwandikia dada yake barua kuhusu jioni hiyo. Alisema picha zote za mama huyu zilipigwa nje ya fokasi kwa makusudi, kwamba baadhi zilipendeza kama michoro na nyingine zilikuwa mbaya hata kuzitazama. Akaongeza, kwa utani, kuwa mama alitamani baadhi ya watu waliopigwa na Dodgson wangekuwa nje ya fokasi, naye akatamani wale wa mama wangekuwa ndani yake.

Mimi naipenda sana jioni hiyo, kwa sababu hakuna aliyeshinda. Kila mmoja alirudi kwake akaendelea kupiga vile alivyotaka. Lakini kwa Julia, mabishano hayo ya ukungu hayakuishia hapo. Yalimfuata maisha yake yote.

Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Baba yake alikuwa afisa wa kampuni ya Waingereza iliyotawala kule wakati huo na mama yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa. Walikuwa wasichana wengi nyumbani, na dada zake walisifika kwa urembo. Julia hakusifiwa kwa hilo. Sifa yake ilikuwa kuongea, kuandika barua ndefu, kugawa zawadi ambazo mtu hakuziomba, na kutokubali kukataliwa. Kama una shangazi wa namna hiyo, tayari umeshampata.

Mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alikuwa Cape, Afrika Kusini, akipata nafuu baada ya ugonjwa. Hapo alikutana na wanaume wawili waliobadilisha maisha yake. Wa kwanza, Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi miaka 20, alikuja kuwa mume wake mwaka 1838. Wa pili alikuwa Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, aliyekuwa amepeleka darubini yake Cape ili achunguze anga la kusini.

Kumbuka jina hilo, Herschel. Upigaji picha ulipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, yeye alikuwa mmoja wa walioufanikisha. Tatizo kubwa la mwanzo lilikuwa kwamba picha ilijitokeza vizuri, kisha mwanga uleule ulioileta ukaifuta. Herschel ndiye aliyejua kemikali ya kuizuia isipotee. Aliijua tangu 1819, kabla hata ya mtu kujua itatumika wapi. Mwaka 1842 alimtumia Julia sampuli za picha hadi India. Hebu fikiria kushika karatasi iliyochorwa na jua lenyewe wakati karibu hakuna mtu mwingine mjini kwako aliyewahi kuiona.

Lakini kamera yake mwenyewe hakuipata hadi zaidi ya miaka 20 baadaye.

Familia ilihamia Uingereza mwaka 1848. Mwaka 1860 Julia alinunua nyumba mbili zilizopakana kule Freshwater, akaziunganisha na kuziita Dimbola, jina la shamba lao la kahawa kule Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo. Jirani yake alikuwa Alfred Tennyson, mshairi mkubwa kuliko wote Uingereza wakati huo. Watoto wakakua. Mume akawa mtu wa kwenda Ceylon kuangalia mashamba. Nyumba ikapoa.

Desemba 1863, binti yake na mkwewe wakampa kamera kama zawadi ya Krismasi, iwe kitu cha kumchangamsha akiwa peke yake. Alikuwa na miaka 48.

Kamera ya wakati huo haikuwa mchezo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kishikio cha kuwekea kioo cha sentimita 28 kwa 23 hivi. Kila picha ilianza na kioo kitupu. Unakimwagia dawa nzito inayonata inayoitwa kolodioni, unakiinamisha huku na huku hadi isambae sawasawa, unakitumbukiza kwenye maji ya fedha gizani, unakimbia nacho kikiwa bado kimelowa hadi kwenye kamera, unapiga, kisha unakimbia tena chumba cha giza kukiosha. Kikikauka kabla hujamaliza, picha imekwenda. Vumbi likitua, linabaki hapo milele. Na maji ya fedha hayaoni haya: yanageuza vidole, nguo na kitambaa cha meza kuwa vyeusi.

Julia aligeuza stoo ya makaa ya mawe kuwa chumba cha giza. Banda la kuku, lenye vioo, likawa studio. Kuku wakafukuzwa, na yeye mwenyewe alijitetea baadaye kwamba hawakuchinjwa.

Mtu wa kwanza kumpiga alikuwa mkulima wa kijijini, ambaye alimlipa kwa saa ili akubali kutulia. Julia akaosha kioo, akaona picha imetoka, akafurahi, halafu akapitisha mkono juu ya upande wenye dawa. Picha yote ikafutika. Kama umewahi kufuta picha za harusi ya binamu kwa bahati mbaya, basi mjue ni ndugu yenu.

Mwisho wa Januari 1864 akampata mtoto aitwaye Annie Philpot. Alimtuliza, akampiga, na safari hii ikakubali. Alifurahi hadi akazunguka nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto, kana kwamba Annie ndiye aliyeitengeneza picha. Siku hiyohiyo aliichapisha, akaiwekea fremu na kumkabidhi baba ya mtoto. Aliiita mafanikio yake ya kwanza. Ukiiona leo utashangaa kwa nini watu wa wakati ule walilalamika: msichana mdogo ndani ya koti zito lenye vifungo, nywele hazijachanwa sana, anatazama pembeni kama mtu aliyechoka kusubiri. Hajapambwa, na amejaa uhai.

Sasa tuje kwenye ukungu wenyewe, maana watu wengi huusema bila kuuelewa.

Lenzi yake ilikuwa na mlango mpana. Mlango mpana ulimpa mwanga mwingi, lakini ulifanya sehemu nyembamba tu ya uso iwe kali: labda ukope wa jicho moja, na sikio likayeyuka. Unalifahamu hilo ukiwa na lenzi ya picha za uso. Halafu alikaribia sana, akijaza kioo kizima kwa kichwa cha mtu, wakati wapiga picha wengine waliweka mtu mzima, kiti na pazia. Juu ya hayo, alipiga kwa muda mrefu. Watu walilazimika kutulia kwa dakika kadhaa, bila kile chuma cha kushikilia shingo kilichotumiwa kwenye studio za kibiashara. Kifua kinapumua. Kichwa kinayumba kidogo tu, kama mti bila upepo.

Mwenyewe alieleza kwamba ilianza kama bahati. Akiwa anazungusha lenzi kutafuta fokasi, alifika mahali ambapo kile alichokiona kilikuwa kizuri machoni pake, akasimama hapo badala ya kuendelea kuzungusha hadi kila kitu kiwe kikali. Wengine walijua kuzungusha hadi mwisho. Yeye alijua pa kuachia.

Mwaka huohuo wa 1864 alijiunga na Chama cha Upigaji Picha cha London, na kile cha Uskoti pia. Hivi vilikuwa vyama vya watu kama yeye: madaktari, mawakili, mapadri, mabibi wenye nafasi, wote wakipiga kwa mapenzi, wakikutana kubadilishana picha, kupeana mbinu za dawa na kuambiana ukweli. Julia akapeleka picha zake kwenye maonyesho yao, akisubiri.

Ukweli ukaja. Mapema 1865 jarida la Chama cha London lilimkosoa vikali. Kwa ufupi lilimwambia kuwa yeye ni bibi mwenye ujasiri wa kuwa tofauti lakini kwa gharama ya kila sifa nzuri ya picha, kwamba yote yaliyo mazuri katika upigaji picha yalipuuzwa na mapungufu yake yakaonyeshwa wazi. Wakamaliza kwa kusikitika kumsema vibaya mwanamke. Unajua ile pole ambayo inachoma kuliko tusi lenyewe?

Tuwe wakweli hapa. Mimi sidhani wakosoaji wale walikuwa wajinga. Picha nyingi za Julia zina alama za vidole. Zina mikwaruzo, madoa ya dawa, mabaka ya vumbi, pembe ambazo kolodioni haikufika. Mtu mwingine angevitupa vioo hivyo na kuanza upya. Yeye alivichapisha na kuviuza. Mwanachama aliyejifunza kwa miaka kumi jinsi ya kusafisha kioo alipoona hilo alidhani anatukanwa. Na pengine mara nyingine Julia kweli alikuwa na haraka tu. Tusigeuze kila doa kuwa falsafa.

Ila walikosea jambo moja kubwa. Walifikiri hajui. Wakampa ushauri wa mtu asiyejua.

Maneno yao yalimuuma, na baadaye alikiri kuwa yangeweza kumvunja moyo kabisa kama asingejua thamani halisi ya ukosoaji huo. Lakini ona alichofanya. Hakuacha kuonyesha watu picha zake. Alichagua wa kumwonyesha.

Herschel, rafiki yake wa Cape, alikuwa wa kwanza. Novemba 1864 Julia alimpa albamu nzima ya picha zake bora. Mwaka 1867 akaichukua tena, akaongeza picha mpya, akairudisha. Zawadi gani hiyo ambayo mwenye kuitoa anarudi kuirekebisha? Lakini ndivyo alivyofanya kazi, na Herschel hakuwa mtu wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu ni mtu aliyeijua kemia ya picha kuliko karibu kila mwanachama wa vile vyama. Alipoona picha ya mwanamke mmoja aliyopiga Julia mwaka 1866, nywele zimeachiliwa, macho yanakutazama moja kwa moja, alimwandikia kuwa kichwa kile ni kama kiko hai na kinajitokeza nje ya karatasi.

Wa pili alikuwa mchoraji George Frederic Watts. Huyu ndiye ambaye, kwa maoni yangu, kila mtu anayeonyesha watu kazi yake angehitaji. Julia alikuwa akimtumia picha nzuri, zilizobandikwa kwenye kadi, za bei. Watts akamwambia aache. Amtumie zile zilizoharibika, ambazo hazijabandikwa, kwa sababu anaweza kuzihukumu vilevile na kuzifurahia vilevile, bila kujisikia kuwa anamla pesa zake. Basi akaanza kupokea zenye nyufa, zenye mabaka, zilizotobolewa na dawa. Akazitazama kama mchoraji: mwanga umekaaje, kichwa kimeinamaje, kivuli kinafanya nini. Anaposifu anasifu, na penye kasoro anasema.

Unaona tofauti? Chama kilitazama kioo. Watts alitazama picha.

Na pesa kweli ilikuwa shida. Usidanganywe na nyumba kubwa na majirani maarufu. Mapato ya familia yalitoka kwenye kahawa ya Ceylon, na kahawa haikuwa ikilipa. Julia alikopa kwa marafiki. Ndiyo maana alisajili haki miliki za picha zake kwa mamia, chini ya sheria mpya ya 1862, na kuziuza kupitia duka la sanaa la Colnaghi jijini London. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, lilinunua picha zake na kuzionyesha. Berlin wakampa medali ya shaba mwaka huo, na ya dhahabu mwaka 1866. Mwaka 1868 makumbusho yaleyale yalimpa vyumba viwili avitumie kama studio. Hayo yote hayakumfanya awe tajiri. Dawa, vioo na karatasi vilikula kila shilingi iliyoingia.

Mwaka 1866 alipata kamera kubwa zaidi, ya vioo vya sentimita 38 kwa 30 hivi, na lenzi mpya. Na hapo ndipo alipopiga zile nyuso zake kubwa. Mwaka 1867 aliibeba kamera yote hiyo hadi nyumbani kwa Herschel, aliyekuwa na miaka 75. Alimwomba aoshe nywele zake nyeupe kwanza, ili zisimame na kushika mwanga. Kisha akamfunika shuka jeusi hadi shingoni. Picha iliyotoka ni uso wa mzee ambaye ameangalia nyota maisha yake yote, na sasa anatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Ikiwa utatafuta picha moja tu ya Julia baada ya kusoma hapa, tafuta hiyo.

Tennyson pia alikaa mbele ya kamera mara nyingi. Picha moja ya 1865, ndevu zimetapakaa, kitabu mkononi, mwenyewe aliipa jina la Mtawa Mchafu na kuipenda. Mgeni akija kwake aliweza kuburutwa hadi Dimbola. Inasimuliwa kuwa Garibaldi, shujaa wa Italia, alipomtembelea Tennyson mwaka 1864, Julia alipiga magoti mbele yake akimwomba akubali kupigwa picha, na Garibaldi, alipoona mikono ile myeusi kwa dawa, alimdhania ombaomba. Picha hiyo hakuipata.

Wengine hawakuwa na nafasi ya kukataa, na hapa lazima tusimame kidogo. Wasichana wa kazi nyumbani kwake waliacha mafagio na kugeuka Maria Mtakatifu. Mary Hillier alipigwa mara nyingi akiwa Bikira Maria. Mary Ryan alikuwa binti wa mwanamke ombaomba ambaye Julia alimchukua na kumlea, kisha akamfanya mtumishi. Picha yake ilionekana kwenye maonyesho na kijana mmoja wa ukoo mzuri, Henry Cotton, naye akampenda, akaenda kumtafuta na kumwoa mwaka 1867. Habari hiyo huwa inasimuliwa kama hadithi ya filamu, na ndoa ilikuwa ya kweli. Lakini kabla ya harusi kulikuwa na saa nyingi za kukaa bila kusogea, kwa amri ya mwajiri.

Kuna mwingine ambaye ametoka karibu nasi. Julai 1868 Julia alimpiga mtoto wa miaka saba aitwaye Alemayehu. Baba yake alikuwa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Aprili mwaka huo jeshi la Waingereza liliivamia ngome ya Magdala. Tewodros akajiua asikamatwe, mama yake mtoto akafariki njiani, na mtoto akapelekwa Uingereza pamoja na hazina zilizoporwa. Miezi mitatu tu baada ya kumpoteza baba, ameketi mbele ya kamera ya mama mgeni kisiwani, amevalishwa vazi la kwao, anaambiwa atulie.

Hapo ukungu wa Julia unafanya kitu ambacho sijui kama alikusudia. Nguo na mapambo yanafifia, na unachobaki nacho ni uso wa mtoto ambaye hacheki. Unaweza kusema ni picha nzuri sana. Unaweza pia kujiuliza ni nani aliyemuuliza kama anataka kupigwa. Mimi nasema yote mawili. Alemayehu alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor, na Waethiopia wamekuwa wakiomba mabaki yake yarudishwe nyumbani. Mwaka 2023 ombi hilo lilikataliwa tena.

Turudi kwenye vioo. Mwaka 1869 Julia aligundua kuwa negativu zake zinapasuka. Nyufa ndogondogo, kama sega la nyuki, zilitambaa juu ya nyuso alizozipenda zaidi, na kila negativu iliyokufa ilikufa na mapato yake. Unadhani alimpelekea nani shida hiyo? Chama kilekile cha London. Akaenda na tatizo lake mbele ya watu waliomcheka, akawauliza kosa liko wapi: kwenye kolodioni, kwenye vanishi, au kwenye uoshaji.

Hilo ndilo jambo linalonifanya nimheshimu kuliko medali zote. Kwenye suala la fokasi hakuwasikiliza, kwa sababu alijua anachotaka. Kwenye suala la nyufa aliwasikiliza, kwa sababu wao ndio walijua dawa. Hakuwa na kiburi cha kukataa msaada wa fundi eti kwa sababu fundi huyo hapendi sanaa yake.

Hata na Dodgson, mabishano yaliendelea kwa njia yake. Alice Liddell, yule msichana ambaye Dodgson alikuwa amempiga picha akiwa mdogo na ambaye jina lake limo kwenye hadithi, alikuja kupigwa na Julia mwaka 1872 akiwa mwanamke kijana. Ziweke picha hizo mbili pamoja. Kwa Dodgson kuna mtoto unayeweza kuhesabu vidole vyake. Kwa Julia kuna mtu mzima anayekutazama usoni hadi wewe ndiye unayeangalia chini.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Herschel alifariki mwaka 1871. Binti yake, yule aliyempa kamera, alifariki mwaka 1873 kwa uzazi. Ugonjwa wa kutu ya majani, huohuo unaowasumbua wakulima wetu wa kahawa hadi leo, ulionekana Ceylon mwaka 1869 na kuanza kuimaliza kahawa ya kule. Mwaka 1874 Tennyson alimwomba apige picha za kuandamana na mashairi yake. Alipiga nyingi mno, lakini kwenye kitabu cha mshairi ziliingia chache, tena zimechongwa upya na kufanywa ndogo. Akakasirika, akatoa kitabu chake mwenyewe chenye picha kubwa.

Mwaka 1875 yeye na mumewe waliuza mambo yao na kuhamia Ceylon, walikokuwa wana wao, na ambako maisha yalikuwa nafuu. Inasimuliwa kuwa kwenye bandari ya Southampton pesa ziliisha, akawalipa wapagazi kwa picha. Kule alipiga chache tu. Dawa zilikuwa ngumu kupata, joto lilikuwa kali, na hakukuwa na Watts wa kumtumia zile zilizoharibika. Alipiga wafanyakazi wa mashambani na watu wa vijijini. Alifariki Januari 26, 1879, akiwa na miaka 63, na mumewe akamfuata mwaka uliofuata.

Kwa miaka mingi watu walimkumbuka kama bibi mwenye vituko. Mwaka 1926 mwandishi Virginia Woolf, ambaye mama yake alikuwa mpwa wa Julia na mmoja wa waliopigwa picha zaidi, alishiriki kutoa kitabu cha picha hizo, na polepole macho yakafunguka. Leo tunajua picha zaidi ya 1,200 alizopiga, ndani ya miaka kama 15.

Mwaka 2015, miaka 200 tangu azaliwe, makumbusho ya Victoria and Albert yaliandaa maonyesho yake. Miongoni mwa zilizotundikwa ukutani ni picha zilizopasuka, zenye mabaka, dawa imebanduka pembeni, ambazo wataalamu waligundua kuwa zilikuwa za Watts. Ni zile mbovu alizoomba atumiwe, ili amwambie rafiki yake ukweli bila kumgharimu kitu.